Aliyetulia Kule Juu

Juni 12

Mto haujahama. Kila mwaka nikipanda huku naomba kimoyomoyo nikute umehamia bonde la pili, na kila mwaka naukuta palepale, chini kidogo ya mahema yangu, unanguruma kama jirani mlevi. Nimeusalimu kwa adabu. Sina ubavu wa kuutukana.

Leo tumesimamisha yurta za kwanza, yale mahema ya mviringo ya sufi ambayo wageni huyapiga picha kabla hata hawajashusha mizigo. Nimemwomba tena Ömürbek kambi yote tuihamishie kwenye mwinuko, huko nyuma, ambako maji hayajawahi kufika. Ardhi ni yake. Kazi ni yangu. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, naye ndiye aliyenibakiza hapa nilipofiwa, kwa hiyo kumgombeza naweza, kumwamuru siwezi. Alicheka tu. "Shemeji, mtu anatoka Ulaya aje alale juu ya kilima chenye upepo? Anataka asikie mto." Kisha akapanda gari lake akarudi zake Osh, ambako mto umejengewa kuta za saruji pande zote mbili.

Juni 15

Zuurakan ameshuka leo kutoka malisho ya juu, yeye na farasi wake wa kijivu na ndoo mbili za malai. Sasa naamini msimu umeanza. Ndiye mpishi wangu tangu miaka ile mume wangu akiwa hai. Mumewe, Toktosun, huwapitisha watalii kwenye milima ya kusini kiangazi kizima, haonekani mpaka theluji; Zuura anabaki na mama mkwe wake, Bibi Batma, na ng'ombe wao wa manyoya, mwendo wa asubuhi moja kwa farasi juu ya kambi.

Mimi ni mtu wa Khorog, ng'ambo ya mpaka. Lugha ya hawa Wakirgizi naiongea mpaka naota kwayo, lakini Zuura bado ananichekesha. Mke aliyeolewa kwao hatamki majina ya ukweni kwake, wala neno lolote linalofanana na majina hayo. Kaka mkubwa wa mumewe anaitwa Balta, yaani shoka, basi Zuura hana shoka. Ana "kile kinachomega magogo". Ami yao ni Kozubek, na kozu ni mwanakondoo, kwa hiyo huyo kwake ni "mwana wa mwenye sufi". Mwaka jana Mjerumani mmoja aliuliza chakula cha jioni ni nini, akajibiwa kwamba ni mwana wa mwenye sufi aliyemegwa na kile kinachomega magogo. Yule bwana alikula mkate.

La baba mkwe wake, marehemu, ndilo zito kuliko yote. Hilo hata mimi silijui. Nikimuuliza Zuura hufunika mdomo kwa kitambaa. Toktosun humwita baba. Wengine husema "yule mzee". Najua tu kwamba kaburi lake liko kule juu, mahali ambapo barafu inaishia.

Juni 20

Mvua ya mawe. Mlango wa choo cha pili umeruka.

Juni 28

Wageni wameanza kumiminika. Waholanzi, Wacheki, mama mmoja wa Korea anayetembea na mpunga wake mwenyewe. Mchana kutwa ni dada maji ya moto yako wapi, dada sola haichaji, dada farasi amekula soksi yangu.

Na mto unapanda. Kila siku jua likiikaanga barafu kule juu, mto huvimba alasiri na kushuka asubuhi. Hayo ni ya kawaida, nayajua. Hata hivyo kila alasiri nikimaliza vyombo naenda kulitazama jiwe langu jeupe ukingoni. Likiwa kavu, napumua. Likilowa, nakuwa mkali kwa kila mtu.

Zuura ananitania kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Ni kweli, niliumwa. Nilikuwa msichana mdogo nikichunga mbuzi mlimani siku matope yalipoteremka kwenye kijiji cha bibi yangu. Niliona paa la nyumba yake likiondoka polepole, na moshi bado unatoka. Tangu hapo siogei mtoni, sivuki daraja bila kushika mkono wa mtu, na riziki yangu Mungu ameiweka ukingoni mwa maji. Anayo mizaha yake.

Julai 3

Zuura karudi na malai, akafunga farasi, akakaa kumenya viazi. Akasema, kama mtu anayeleta habari za nyumbani, "Aliyetulia kule juu mwaka huu amekua."

Nikamuuliza nani.

"Aliyetulia," akasema, akaonyesha kwa kidevu upande wa barafu. "Zamani ungemfunika kwa zulia. Sasa kawa mkubwa, dada."

Nikakumbuka kaburi la baba mkwe. Nikasema Mungu amrehemu, nikaondoka haraka kwenda kuhesabu mashuka. Mimi wafu wakitulia nawaheshimu. Wakianza kukua, sitaki kusikia.

Julai 4

Mahema yamejaa. Nimelala stoo, juu ya magunia ya unga.

Julai 9

Jiwe jeupe limekuwa kavu kwa siku kadhaa. Leo mto umeshuka mpaka nimeona mawe mengine ambayo sikuwa nayajua. Na jua ni kali, wageni wanababuka pua. Adilet, kijana wa Bishkek anayewaongoza wapanda baiskeli, aliniambia, "Mama, adui yako anakufa. Chinja kondoo." Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nikaenda nikaweka mguu ndani, mmoja tu, mpaka kwenye kifundo.

Jioni nikajiuliza mbona jua linazidi na maji yanapungua. Zuura alikuwa juu kwake, sikuwa na wa kumuuliza. Nikajibu mwenyewe kwamba labda barafu imekwisha.

Julai 13

Nimefanya jambo ambalo halinikai vizuri.

Tulikuwa jikoni, Zuura anakaanga maandazi, mimi nakata vitunguu, wageni wamekaa mlangoni wakisubiri chai. Zuura alikuwa ametoka juu asubuhi hiyo na uso wake haukuwa wa kawaida. Akaanza tena. Aliyetulia amefika kwenye mawe, akasema. Ananguruma chini kwa chini. Mama, yaani Bibi Batma, hataki tena kulala karibu naye, amehamisha hema. Hata ng'ombe hawampitii karibu.

Nywele zilinisimama. Niliona kaburi limepasuka na yule mzee nisiyemjua jina amekaa juu ya mawe anaguna. Adilet, ambaye masikio yake hayana likizo, akaanza kuwatafsiria wageni kwamba mpishi wetu anasumbuliwa na mzimu wa mkwewe. Mama wa Korea akaweka kikombe chini.

Hofu yangu ikageuka hasira, kama kawaida yake. Nikamvuta Zuura nyuma ya jiko, nikamwambia, "Habari za aliyetulia sitaki kuzisikia tena hapa. Si mbele ya wageni, si mbele yangu. Ukishindwa, tafuta kambi nyingine."

Akanitazama sana. Alikuwa na unga mpaka kwenye kope. Nilidhani atanijibu, maana si mtu wa kunyamaza, lakini aliinamisha kichwa akasema, "Sawa, dada. Wewe umesoma, wewe unajua." Akarudi kwenye maandazi yake.

Julai 19

Wamekuja wazee wawili wa Poland, mume na mke, Witold na Halina. Wanasafiri na kigari kidogo chenye kutu na hema ambalo nadhani wanalo tangu walipooana. Halina huoga mtoni kila asubuhi, katika kile kimto kilichobaki, na kuniita kwa mikono nijiunge naye. Mimi humwonyesha kwa mikono kwamba nina wazimu kidogo. Tumeelewana sana. Witold ni kiziwi wa sikio moja na mbishi wa mawili.

Julai 25

Ömürbek alikuja na nyama na tikiti maji na maoni. Akasimama ukingoni, mikono kiunoni, akatazama changarawe pana iliyoachwa wazi na mto, akasema Mungu ametupa uwanja. Weka mahema pale, shemeji, watu wanarudishwa barabarani kwa kukosa nafasi.

Nilikataa. Nikamwambia pale ni kitanda cha mto, na mwenye kitanda hurudi. Akasema mto wenyewe uko wapi. Nikamwambia ndiyo hasa ninayouliza. Tulibishana mpaka Zuura akatoka jikoni kutazama. Ömürbek akamgeukia yeye: "Wewe unatoka juu kila mara. Mto una nini?"

Zuura akanitazama mimi kwanza. Kisha akasema, "Mto hauna neno, kaka. Mto ni mdogo."

"Umesikia?" Ömürbek akaniambia.

Nikashindwa. Nimepanga mahema changarawe nzima kwa mikono yangu mwenyewe. Witold na Halina wamekuwa wa kwanza kuhamia, wakachagua pa mbali kabisa, karibu na maji. Kila kigingi nilichopigilia kilinipiga mimi.

Agosti 2

Joto. Mto sasa ni uzi. Samaki wadogo wamenaswa kwenye vidimbwi na watalii wanawaokoa kwa vikombe vyangu vya chai.

Sikutegemea kwamba ukimya ungenitisha kuliko kelele. Miaka yote hii nimelala na ngurumo ile masikioni. Sasa naamka kwa sababu haipo. Nasikiliza. Natembea kambini najifanya nakagua kamba za mahema, kumbe nasikiliza. Nimeanza kuchukia kila mtu anayecheka kwa sauti kwa sababu ananizibia masikio. Nina hofu na sina cha kuionyesha, nami najua jinsi ninavyoonekana: mjane wa makamo anayegombana na mto usiokuwepo.

Nikamuuliza Zuura tena, kwa upole safari hii, mto unaendeleaje huko juu.

"Mto ni huohuo, dada."

"Sasa mbona huniangalii usoni?"

Akafuta mikono kwenye aproni, akafuta tena. "Nina neno, lakini ulinikataza."

"Ni yeye? Aliyetulia?"

"Ndiye."

Nikamwambia kama ni yeye, basi aache, mimi wasiwasi nilionao unanitosha. Zuura akasema sawa. Halafu akasema kitu ambacho kimenikaa kichwani jioni yote: "Nilidhani wewe ndiye unayemwogopa kuliko sisi wote. Kumbe humwogopi." Akaenda kupakua supu.

Agosti 6

Kuhara kambini. Siyo maji, ni malai juu ya tikiti. Sina nguvu ya kuandika.

Agosti 12

Naandika nikiwa kwenye mwinuko, juu ya sinia lililopinduliwa. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Jana mchana tulikuwa tumejaa pomoni. Wapanda baiskeli wa Adilet walikuwa wamefika, mahema ya changarawe yote yana watu, wengine wanakula, wengine wamejilaza. Halina alikuwa jikoni ananifundisha kukunja maandazi ya kwao. Nikasikia farasi anakuja mbio, na huku hakuna mtu anayemkimbiza farasi kwenye mawe yale ila awe mlevi au mwizi.

Alikuwa Zuura. Ndoo hazipo, kitambaa kimeangukia shingoni, farasi ana povu mpaka mapajani. Akapita katikati ya mahema akipiga kelele: "Aliyetulia anakuja! Aliyetulia anashuka! Pandeni juu!"

Watu wakageuka kutazama. Mmoja akatoa simu kupiga picha. Adilet akacheka, akawaambia kwa Kiingereza, na hicho nakielewa, kwamba marehemu baba mkwe wa mpishi amefufuka na anakuja kula chakula cha mchana. Wakacheka wote. Mimi sikucheka, lakini sikuondoka pia. Nilisimama na kijiko mkononi. Nilikuwa naogopa, naogopa kweli, lakini naogopa kitu kingine: niliona mzee wa sanda anateremka bondeni, na mtu haukimbii mzimu na kundi la watalii.

Zuura akaruka chini akanishika mabega. "Dada, anakuja. Mawe yametoka jasho, kisha yakaanza kuondoka. Nimeona kwa macho yangu. Aliyetulia!"

"Zuura, sikuelewi."

"Aliyetulia! Yule mpana! Anayelala!" Alikuwa anatafuta neno kila upande, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani, na kila alipolikaribia midomo yake ilijifunga yenyewe. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akaweka mkono mdomoni, akautoa. Akatazama juu kule alikotoka. Kisha akasema.

"Köl."

Köl ni ziwa.

"Köl!" akapiga kelele. "Köl! Köl linapasuka! Kölbay, baba yake Toktosun, nisamehe, Kölbay! Köl linakuja!"

Sijui nieleze vipi. Maneno yote ya kiangazi kizima yalirudi kwa pamoja na kila moja likakaa mahali pake. Aliyetulia amekua. Aliyetulia amefika kwenye mawe. Ananguruma chini kwa chini. Halikuwa kaburi. Barafu ilikuwa imeyeyuka ikafanya ziwa nyuma ya ukuta wa mawe, mahali ambapo zamani palikuwa na dimbwi la kufunika kwa zulia, na njia ya maji ilikuwa imeziba, ndiyo maana mto ulikauka. Baba mkwe wake aliitwa kwa jina la ziwa, na kwa hiyo Zuura hakuwa na ziwa. Alikuwa ameniambia tangu Julai, kwa neno pekee alilokuwa nalo. Mimi, niliyekuwa nimetega masikio kiangazi kizima kusikia habari hiyohiyo, nilikuwa nimemfunga mdomo.

Nikamwangalia Adilet. Alikuwa ameacha kucheka. Uso umekuwa mweupe. Naye sasa alikuwa amesikia neno.

Nilichukua sufuria kubwa nikaipiga kwa mwiko na kukimbia kati ya mahema nikipiga mayowe kwa lugha zote ninazozijua na mbili nisizozijua. Juu, juu, acha mizigo, juu. Adilet alikuwa anawavuta watu kwa mikono. Mama mmoja alitaka viatu. Nikamtupia vya mtu mwingine. Wakaanza kupanda mwinuko, kwanza kwa aibu, kisha kwa mbio, maana sasa kulikuwa na upepo. Upepo wa baridi ulikuwa unashuka bondeni katika siku isiyo na upepo, nao ulinuka udongo. Harufu ile naijua. Niliinusa siku ile nikichunga mbuzi.

Juu ya mwinuko Halina alikuwa anazunguka, anashika watu nyuso. Kisha akaniona, akaonyesha chini. "Witold."

Hema lao lilikuwa la mwisho kabisa, karibu na maji. Mzee alikuwa amelala na sikio lake zima limelala upande wa chini. Zuura aligeuza farasi, lakini farasi alikuwa amekwisha. Alipiga magoti yake ya mbele na hakutaka kuinuka. Nami nilijua nani aliyepigilia vigingi vya hema lile.

Miguu yangu ilikataa. Naandika bila haya. Niliiambia nenda, ikabaki. Nilijikojolea kidogo. Halafu nikakasirika, nikamkasirikia Ömürbek, na marehemu mume wangu kwa kufa, na Mpolandi anayelala mchana, na hasira hiyo ndiyo iliyonishusha.

Nilimkuta ameamka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya hema anakunja turubai vizuri, pembe kwa pembe, maana aliona watu wanaondoka akadhani ni mvua. Alinionyesha kidole: subiri, miwani. Nikamtukana kwa lugha ya kwetu, matusi ambayo bibi yangu angenipiga kwa ajili yake, nikamshika ukosi wa shati nikamburuta. Alibisha mpaka mwisho wa changarawe. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka na akaacha kubisha, na yeye ndiye akawa ananivuta mimi.

Sikugeuka nyuma. Walioko juu wananiambia yalikuja meusi na marefu, yakiwa yamebeba mawe makubwa kuliko magari, na kwamba yalipita pale tulipokuwa kabla hatujafika nusu ya mwinuko. Mimi nilisikia tu. Nilikuwa nimefumba macho na nimemshika Mpolandi mkono, na nilikuwa nalia nikimwita bibi yangu.

Wageni wote wapo. Tumewaita majina mara nyingi mpaka wamechoka kuitika. Jiko halipo, yurta hazipo, kigari chenye kutu hakipo. Hema moja la sufi lilionekana likiondoka likiwa limesimama. Daftari hili lilikuwa mfukoni mwa aproni.

Agosti 13

Malori yamekuja kuwachukua watalii. Halina amenivalisha sweta lake na hataki nilivue. Ömürbek amefika, akatembea ukingoni mwa matope, akakaa chini akafunika uso. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya kumwambia. Sikuyasema. Na mimi nilikuwa na mtu wa kumwomba radhi.

Nilimkuta Zuura anamkanda farasi miguu. Nikamwambia nilikukataza kusema, na kwa hilo watu wangekufa, nisamehe. Akasema si kitu, dada, kila mtu ana lake linalomfunga mdomo. Lakini yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka, na haikuwa kwa ajili ya maji. Bibi Batma yuko salama juu, amemletea salamu kwa mchunga mifugo mmoja kwamba anashuka. Na kaburi la mzee limekwenda. Lilikuwa pale kwenye mawe, maji yalilichukua la kwanza.

"Nimemwita kwa jina," Zuura aliniambia. "Kwa makelele, mbele ya watu, kichwa wazi. Naye akatoka. Mama atanifanya nini?"

Hofu ilikuwa imeniondoka mimi ikamwingia yeye.

Agosti 17

Bibi Batma amefika leo kabla ya adhuhuri, juu ya ng'ombe wa manyoya, peke yake, mgongo umenyooka. Ni mwanamke mdogo mkavu ambaye hata Ömürbek huinuka akimwona. Tulikuwa tumewasha moto kwenye mwinuko. Zuura alimpokea hatamu, akamwinamia mpaka chini, na hakuinuka. Mimi nilisimama karibu. Nilikuwa nimeamua nitasema kosa ni langu.

Bibi alinywa chai yake kwanza. Akatazama bonde lililokuwa kijani na sasa ni matope matupu. Kisha akauliza, "Nani alimtaja?"

"Ni mimi, mama," Zuura akasema, uso bado chini.

"Mara ngapi?"

"Sijui, mama. Nyingi."

Nikafungua mdomo. Bibi akaninyamazisha kwa kiganja, bila kunitazama.

"Niliolewa naye nikiwa na nywele nyeusi," akasema. "Nilimwita wewe. Nilimwita baba yao. Alipokuwa mbali nilimwita mwenye nyumba. Jina lake sijawahi kulitia mdomoni mwangu, hata siku tuliyomzika. Waliokuwa wakimwita kwa jina, mama yake, kaka zake, wamekufa wote. Wanawe wanasema baba. Na kaburi ndilo hilo limekwenda." Akazungusha kikombe. "Nilikuwa nimekaa kule juu nikawaza, basi, hakuna tena mahali jina lake lilipo."

Akainama akamshika Zuura kidevu, akamwinua uso.

"Siku ile ulipiga kelele mimi sikuwepo. Liseme tena, mwanangu. Polepole, nisikie."

Zuura alinitazama, akamtazama yeye. Akaweka mkono mdomoni, akautoa. "Kölbay," akasema.

Bibi Batma alisikiliza kichwa kikiwa upande, mpaka sauti ilipokwisha. Midomo yake ikaanza kutembea. Ilijifunga, ikajaribu tena. Akalitamka mara ya kwanza kwa sauti ndogo, karibu sisi tusilisikie. Kisha akageukia bonde kule maji yalikokwenda, akalitamka tena kwa sauti, jinsi mke anavyomwita mtu wake aje ale chakula kabla hakijapoa.